Tiyo za Fundi Kahongya

Ni Jumatatu, saa moja asubuhi, ukungu haujaondoka juu ya mabati ya Butembo, na cha Sikuli Kahongya kinachoonekana ni miguu tu. Sehemu nyingine yote ya mwili wake iko chini ya pikapu nyeupe ya Toyota. Kiatu cha kushoto kina kamba, cha kulia kimefungwa kwa waya. Kutoka huko chini inakuja sauti ya mtu anayezungumza na chuma.

"Mi hapana elewa," inasema sauti, kwa Kiswahili cha huku ambacho huazima Kifaransa na kusema mais kwa maana ya lakini. "Miaka makumi mbili na mbili niko chini ya gari, mais hii mi hapana elewa."

Kahongya ana umri wa miaka arobaini na mitatu na ni fundi wa sehemu ya nyuma ya magari. Injini ikizimika, peleka kwa mwingine. Breki vilevile. Yeye anashughulika na ekseli ya nyuma, ambayo hapa huitwa ponti, na resori zinazolibeba gari juu yake, yaani yale mafungu ya vyuma bapa vilivyopinda. Mtu yeyote mjini ukimuuliza nani anajua ponti, atakuelekeza kwa Kahongya kabla hujamaliza swali.

Ndiyo maana inashangaza kumkuta katika hali hii. Kwa miezi miwili sasa hajui kama ni yeye aliyemvunja mguu rafiki yake Nzanzu na kumharibia jina, au kama Nzanzu alijiponza mwenyewe. Hakuna aliyemshtaki. Anajishtaki mwenyewe, anajitetea mwenyewe, na kesi haiishi.

Ili msomaji aelewe, ni lazima kwanza aijue Kamba.

Tangu vita vianze, barabara za kuingia Butembo zimekuwa za kubahatisha. Mwaka huu wa 2001 mtu anaweza kwenda Beni asubuhi akapita kizuizi cha kundi moja, na jioni akarudi akakuta kizuizi kilekile kina watu wengine wanaodai karatasi nyingine. Kwa hiyo chumvi, sabuni, vitambaa na dawa hufika kwa ndege, kwenye uwanja wa udongo nje kidogo ya mji.

Ndege haikai. Mawingu hushuka mchana na rubani hataki kulala Butembo. Magari yanayowahi chini ya mkia wa ndege hupakia, na yanayochelewa hurudi matupu. Zamani watu walipigania nafasi kwa ngumi. Ndipo chama cha wasafirishaji kilipotunga sheria: magari yote yapangwe nyuma ya kamba, mita kama mia nne kutoka ndege inaposimama. Mapanga ya ndege yakiacha kuzunguka, mwanajeshi anaiachia kamba. Hapo kila dereva anakanyaga mafuta kwa nguvu zake zote.

Wanajeshi wanaoishika kamba wamebadilika mara nne katika miaka miwili. Kamba ni ileile.

"Safari moja ya kutoka ndege inaweza kukupatia dola sitini," anasema Emérence, mwenye hiyo pikapu nyeupe na mwanamke pekee anayeendesha kwenye Kamba. Amekaa kwenye tairi kuukuu akinywa chai, akisubiri miguu ya Kahongya iseme jambo la maana. "Ukifika wa sita, unarudi nyumbani na vumbi. Donc, kwa hiyo, kila mutu anatafuta gari yake iruke vizuri pale mwanzo. Hapo ndipo inaamuliwa."

Shida yenyewe iko hapo mwanzo. Dereva akikanyaga mafuta gari likiwa limesimama, magurudumu yanasukuma ardhi, na ponti nayo inataka kujizungusha upande wa pili. Resori zinajikunja, halafu zinafyatuka na kunyooka, kisha zinajikunja tena. Sehemu ya nyuma inaanza kudundadunda, tairi zinachimba udongo, na gari linabaki linatetemeka huku wenzake wakiondoka. Mwandishi alielezwa hayo mara tatu, mara moja kwa msaada wa mandazi mawili na kijiko, na bado hana uhakika kama ameyapata sawasawa.

Swali ni namna ya kuifunga ponti ibaki mahali pake. Kila fundi wa Butembo ana jibu lake, na majibu hayo hayapatani. Mmoja anafunga mnyororo. Mwingine anaongeza vyuma kwenye resori. Yupo anayeegemeza kipande cha mti wa mkaratusi kati ya ponti na sakafu ya gari, na anatembea mjini kichwa juu.

Mwaka jana Kahongya alikuja na jibu lililowanyamazisha wote. Alichukua bomba la chuma, la aina inayopitisha maji, ambalo hapa huitwa tiyo. Akalichomelea kwenye ponti upande mmoja, na upande wa pili akalikaza kwenye chasisi kwa kipande cha chuma na bolti. Tiyo mbili kwa kila gari, kulia na kushoto. Ponti ikanyamaza. Magari yaliyofungwa tiyo yalianza kuondoka kwenye Kamba bila kudunda hata kidogo.

"Batu walikuwa wanakuja na mbuzi ya shukrani," anakumbuka Kahongya, ambaye watu huwaita batu na ambaye hatimaye ametoka chini ya gari. Ni mfupi, mabega mapana, na uso wake una masizi mpaka kwenye kope. "Nilifunga gari kumi na mbili. Hata ya Delphin, président wa chama. Dola kumi na tano kwa gari moja, nikaezeka nyumba yangu mabati."

Gari la kumi na mbili lilikuwa la Nzanzu.

Siku hiyo, miezi miwili iliyopita, Nzanzu alikuwa anaongoza. Karibu na ndege kuna mfereji wa maji ya mvua unaoikata njia, uliofukiwa kwa mawe lakini bado umebonyea. Baada ya mfereji, hatua kama thelathini mbele, palikuwa na mapipa ya mafuta yamepangwa. Gari la Nzanzu lilivuka mfereji, likapinda kushoto kama lililovutwa, likayapiga mapipa. Nzanzu alitolewa garini, mguu wa kulia ukiwa umevunjika mahali pawili.

Chama kilikaa jioni ileile. Tiyo ya kulia ilikutwa imeng'oka, lakini wote walikubaliana kwamba iling'oka kwa kugonga mapipa. Nzanzu alikuwa ametoka kwenye harusi siku moja kabla. Delphin akatangaza uamuzi: dereva alikuwa na pombe, na jina lake linafutwa kwenye Kamba. Tangu hapo mjini anaitwa Papa Mafuti, yaani Baba Mapipa, kwa ajili ya yale aliyoyagonga, na hata watu wasiowahi kuliona gari lake wanalicheka jina hilo.

"Nzanzu alisema ni nini?" mwandishi anauliza.

"Alisema alisikia chuma inalia mbele ya kufika kwa mafuti, kabla ya kugonga. Alisema pale kwa bureau, alisema kwa hôpital. Hakuna mutu aliandika."

"Na wewe ulisema nini?"

Kahongya anaokota spana, anaitazama, anairudisha chini.

"Mi nilinyamaza. Hapana juu ya uongo, hapana kwa sababu ya kuficha. Mi nilikuwa hapana jua. Kama tiyo ilivunjika mbele ya mafuti, iko kosa yangu. Kama ilivunjika nyuma ya mafuti, baada ya kugonga, iko kosa yake. Mutu anaweza kusema nini kama hapana jua?"

Ukweli usemwe: kulikuwa pia na magari kumi na moja yanayotembea na tiyo zake. Kahongya hakulitaja jambo hilo, na mwandishi hakuwa na moyo wa kumkumbusha.

Kilichomtoa kwenye ukimya si dhamiri tu. Wiki tatu zilizopita Emérence alimletea pikapu yake, mojawapo ya hizo kumi na moja, akisema tiyo zinapiga kelele. Kahongya alikaza bolti, kelele ikarudi. Akabadilisha tiyo, kelele ikarudi. Halafu akagundua kwamba gurudumu la kulia linataka kuinuka kuliko la kushoto kila gari linapoondoka. Akahamisha resori ya kulia kwenda kushoto na ya kushoto kwenda kulia. Gurudumu la kulia likaendelea kuinuka.

Hapo kila mtu alikuwa na maoni. Fundi mmoja alisema ni kwa sababu usukani ulihamishwa kutoka kulia kwenda kushoto gari lilipofika kutoka ng'ambo, kwa hiyo gari halijajizoeza. Mwingine alisema Emérence amenenepa na anakaa upande wa kushoto.

"Nilimwambia aje anipime," anasema Emérence bila kutabasamu.

Kahongya aliweka gunia la mchanga upande wa kulia. Ikasaidia kidogo, na hiyo ikamchanganya zaidi.

Ndipo asubuhi moja, akiwa amekaa hapo hapo kwenye tairi, Emérence aliuliza swali ambalo hakuna fundi aliyewahi kuliuliza.

"Papa Kahongya, resori yangu iko na vyuma ngapi?"

"Kumi na moja. Ilikuja na saba, nikaongeza ine."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Juu ya mizigo, mama. Gari ya Butembo inabeba."

"Mais pale kwa Kamba tunakwenda tupu. Mizigo iko kwa kurudi. Weye unatengenezaka gari ya kurudi tu."

Butembo ni mji wa biashara. Hapa gari likinunuliwa, kabla halijapakwa hata rangi linapelekwa kuongezwa vyuma kwenye resori, kwa maana gari lisilobeba mara mbili ya uwezo wake ni hasara. Kila fundi hufanya hivyo, na baba zao walifanya hivyo kwenye malori ya kahawa. Haikumjia mtu akilini kwamba resori ngumu namna hiyo, gari likiwa tupu, haikunjiki vizuri bali inafyatuka. Kahongya alikuwa ameongeza vyuma mwenyewe, vyuma vikaleta kudunda, halafu akaleta tiyo kuzuia kudunda alikokuleta yeye.

"Niliona aibu," anasema. "Mais aibu haikunionyesha tiyo ilivunjikaka wapi. Nilitaka kuona na macho."

Kuona na macho maana yake ilikuwa kuitazama ponti wakati gari linakimbia. Kahongya akapendekeza kutoboa sakafu ya pikapu, juu kidogo ya ponti, ili yeye alale kifudifudi ndani akichungulia. Emérence alilitazama gari lake, ambalo hata vumbi analifuta kwa kanga, kisha akamtazama fundi.

"Toboa. Mais utaziba, utachomelea na soudure ya muzuri."

Kazi ngumu ilikuwa kupata ruhusa ya kukimbia kwenye uwanja siku isiyo na ndege. Ofisi ya kwanza iliwatuma ya pili, ya pili ikasema mamlaka hayo siku hizi yako Beni, na mtu aliyetoka Beni akasema yamerudi Butembo wiki iliyopita. Wakakusanya karatasi tatu zenye mihuri mitatu isiyofanana. Uwanjani mwanajeshi wa zamu, kijana aliyetoka mbali na kwao, alizisoma zote, na mojawapo aliishika kichwa chini.

"Hakuna ndege," alisema. "Sasa munakimbilia nini?"

Emérence akamweleza habari za ponti. Mwanajeshi akasikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mwenzake na kusema kwa Kilingala: "Tika bakende." Waache waende. Huenda alielewa kuliko mwandishi.

Hiyo ilikuwa Jumanne wiki hii, na mwandishi alikuwepo.

Mara ya kwanza wanakwenda na tiyo kama zilivyo. Kahongya analala ndani ya pikapu, amejifunga kwa mkanda wa mpira, uso wake juu ya tundu lenye ukubwa wa sahani. Emérence anakanyaga mafuta. Gari linaondoka vizuri, limenyooka, linapungua na kuwa doa jeupe kule mbele. Likifika kwenye mfereji sehemu ya nyuma inazama na kupanda, na hata kutoka mbali inasikika sauti kali ya chuma.

Gari linarudi polepole. Kahongya anabaki amelala ndani. Emérence anashuka, anamgusa bega.

"Papa Kahongya. Umeona?"

"Turudie."

Wanarudia. Mara hii kwenye mfereji unasikika mlio, halafu mlio wa pili ulio mzito zaidi, na Emérence anasimamisha gari palepale. Mwandishi anakimbia hadi hapo akihema. Fundi ameshaingia chini. Kile kipande cha chuma kinachoishika tiyo ya kulia kwenye chasisi kimepasuka nusu, kimeachama. Mapipa hayapo siku hizi, waliyahamisha. Gari halijagusa kitu chochote isipokuwa ardhi.

"Tiyo inataka kupita njia yake," Kahongya anaeleza, akiwa amekaa kwenye udongo, mikono juu ya magoti. "Resori nayo inataka kupita njia yake. Pale gorofa banasikilizana. Pale shimo, huyu anavuta huku, huyu anavuta kule. Lazima mumoja avunjike. Na upande wa kulia ndio unaruka sana. Nzanzu alisikia mbele ya mafuti. Alisema kweli."

Emérence alikwenda kuleta maji ya kunywa, akampa, akakaa kando yake kwenye udongo na sketi yake safi.

Siku iliyofuata Kahongya alizikata tiyo za pikapu nyeupe. Akaviondoa vyuma vinne alivyoviongeza, viwili akavirudisha chini kabisa ya fungu, vimeachana kidogo na vingine, ili viguse tu gari likijaa. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona mjini: nusu ya mbele ya kila resori akaibana kwa vibano vitatu ili isijikunje, na nusu ya nyuma akaiacha huru. Sasa nusu ya mbele inafanya kazi ya tiyo, lakini kwa kuwa ni sehemu ya resori, haigombani nayo.

Walirudi uwanjani, na mihuri ikawa minne. Gari liliondoka bila kudunda. Likavuka mfereji mara sita, na Kahongya akiwa juu ya tundu kila mara. Hakuna kilicholia. Gurudumu la kulia bado linainuka kidogo, na kwa nini, hajui. Amemwachia Emérence lile gunia la mchanga.

Alhamisi alasiri Kahongya anamwomba mwandishi amsindikize kwa Nzanzu. Njiani anasalimiwa mara mbili na watu anaowajua na hajibu, jambo ambalo Butembo huhesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa.

Nzanzu amekaa uani, mguu wenye plasta umelazwa juu ya kreti ya bia. Kreti ni tupu na ina vumbi. Ni mtu mrefu, mwenye sauti ndogo. Kahongya anakataa kiti.

"Nzanzu, tiyo ilivunjika mbele ya mafuti. Ilivunjika kwa mufereji. Nimeona na macho yangu. Kosa iko yangu."

Nzanzu anausogeza mguu wake juu ya kreti.

"Mi niliisha kujua," anasema. "Mi nilikuwa ndani ya gari. Hapana mi wa kuambia." Anageuza kichwa kuelekea jikoni. "Julie! Kuja kwanza."

Julie, mke wake, anatoka akijifuta mikono kwenye kitenge. Kahongya anarudia maneno yaleyale, kwa taabu zaidi. Julie anasikiliza mpaka mwisho, kisha anatafuta mahali pa kukaa na anakaa kwenye kizingiti cha mlango.

"Papa Kahongya," anasema taratibu, "weye unajua mi nilifanya nini? Nilimwambia mi sitamuhudumia mutu mulevi anayesema uongo. Nikamwambia akubali kwamba alikunywa, na mi nitamusamehe. Akakubali. Nikamupeleka na mukongojo mpaka kwa padri, akaungama. Kila jioni batoto wanamuombea aache pombe."

Mtaani mtu anapita akiita wateja wa mkaa.

Julie anamgeukia mumewe. "Juu ya nini ulikubali kitu hukufanya?"

"Ulikuwa haulale," anasema Nzanzu. "Ulikuwa unalia, unaamuka, unalia. Nikaona nikikubali, utalala. Na ulilala."

Julie anafunika uso kwa kitenge. Nzanzu anajaribu kusimama, mguu unamkatalia, na ni Kahongya anayemshika mkono na kumsogeza mpaka kizingitini, ambako anakaa kando ya mkewe kwa shida, plasta imenyooka mbele.

Jumapili baada ya misa chama cha wasafirishaji hukutana. Delphin atakuwepo, na wenye magari kumi na moja. Kahongya anajua kwamba wengine hawatamletea tena gari, na kwamba huenda atadaiwa kuzikata tiyo zote bure. Atazikata. Anataka jina la Nzanzu lirudi kwenye Kamba kabla mguu haujapona, ili siku plasta ikitolewa nafasi yake iwe inamngoja.

Tangu Jumanne amekuwa akipanga maneno. Alitaka kuanza na resori, aeleze vyuma kumi na moja, kwenda tupu na kurudi na mizigo, ili wenzake waelewe kwamba kosa lilikuwa la wote na si lake peke yake. Sasa, akitoka getini kwa Nzanzu, anasema ameyabadilisha.

"Nitasema kwanza: Nzanzu hakukunywa," anasema Kahongya. "Nitasema hivyo, kisha nitangoja mpaka bote wamenyamaza. Mambo ya tiyo nitasema nyuma."